Pembe ya Upande wa Wanaume

Ninyi wa Naviundu mliniuliza habari za safari yangu ya Kalemie, na ninyi wa Kasungami mliniuliza, na kila mmoja nilimjibu nikiwa na haraka au nikiwa na njaa. Juzi nimegundua kwamba mwashi aliambiwa treni ilianguka, na muuza makaa aliambiwa iliinama tu. Iliinama tu. Kwa hiyo nimechukua daftari langu la njiani nikaandika yote mara moja, ili mkibishana mbishane na karatasi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Palipo na kosa, pasomeni kama vile hapana kosa.

Naviundu, kabla ya treni

Kazi yangu mnaijua: nasokota waya za pampu, za feni na za mashine za kusaga. Siku moja akaingia Papa Kambale, yule mtu wa Butembo anayeuza chumvi na sabuni kwa jumla karibu na daraja. Alikuwa amebeba kitu kizito ndani ya kitenge, akakiweka juu ya meza yangu, na meza ikalalamika.

Kilikuwa mota ya pembe. Nieleze, maana si wote mmeiona. Pembe kubwa ya sauti, ile ya sinema za zamani, haina sauti yake yenyewe. Sauti inatoka kwenye mota iliyofungwa nyuma yake, ya mviringo kama sufuria ndogo yenye kifuniko. Ndani mna sumaku, na mbele ya sumaku mna utando wa aluminiamu mwembamba kuliko karatasi, wenye bobini, yaani duara la waya uliosokotwa, ukingoni. Utando unatikisika, hewa inabanwa kwenye koo jembamba, pembe inaipokea na kuikuza mpaka ukumbi unajaa.

Mota ile ilikuwa imekufa. Utando ulikuwa umechanika, bobini imekuwa makaa, na fundi mwingine kabla yangu alikuwa ameifungua kwa patasi hadi sumaku ikapoteza nguvu. Fundi huyo simsemi vibaya. Pengine alikuwa na patasi tu.

Kambale akaniambia habari yenyewe. Dada yake mkubwa, Mama Kahindo, anakaa Kalemie, na kanisa lake lilikuwa sinema wakati wa Wabelgiji. Pembe mbili za sinema zilibaki ukutani, kila moja kubwa kama mlango. Ya kushoto inasemea upande wa akina mama, ya kulia upande wa wanaume. Ya kulia ilikuwa kimya miaka saba. Mume wa Mama Kahindo, Mwalimu Paluku, ndiye aliyeongoza kwaya ya pale, na wakati wa mvua alikufa. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja. Na sasa vita vilikuwa vinateremka kando ya ziwa, watu wa Kivu wakifika Kalemie kwa mitumbwi na magodoro, na Kambale alitaka dada yake ashuke Lubumbashi kabla njia haijafungwa.

"Anakatala," aliniambia. "Anasema hapandi treni mpaka asikie ile kaseti mu kanisa, na pembe zote mbili, siku ya kumaliza kilio. Miye ninamwambia vita inakuya. Yeye ananiambia pembe."

Nikamwambia mota hii haiponi. Akatoa simu, akanionyesha picha. Kumbe huko Ulaya na Asia kuna watu wanaotengeneza mota hizi upya, kipimo kwa kipimo, mpya kabisa lakini zenye sura ya babu, na kuna wengine wanaozinunua kwa furaha. Mwanzoni niliwahurumia wote. Halafu nikatazama ile maiti iliyokuwa mezani, jinsi ilivyokerezwa, na nikaacha kuwahurumia wale wanaotengeneza.

Nilitengeneza yangu kwa wiki tano. Fundi wa kukereza vyuma alinitolea mwili na koo. Sumaku niliitoa kwenye bafle, yaani spika kubwa, la baa iliyofungwa. Utando niliukandamiza kutoka sahani za aluminiamu, zile ambazo migahawa ya wanafunzi wa Kasapa inafungia kuku. Tisa ziliharibika, ya kumi ikakubali. Ile ya zamani ilikuwa na nukta nyekundu ya rangi kando ya kijiti kimoja cha kufungia waya, na mimi nikatia nukta nyekundu mahali pale pale, maana kopi ni kopi.

Jambo moja sikulifanya, na nalisema sasa ili msije mkadhani nalificha. Ule waya ulioungua niliukata kwa kisu nikautupa, bila kutazama ulikuwa umesokotwa kuelekea upande gani. Mimi ambaye naandika daftarini hata siku iliyonyesha mvua mara mbili.

Kambale hakuweza kusafiri mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa imejaa jamaa waliokimbia. Akasema aliyeitengeneza ndiye aijuaye, aende nayo. Nikaenda kukata tiketi.

Lubumbashi hadi Bukama

Treni ya Jumatatu iliondoka Jumatano. Nasema hivyo bila ubaya. Jumatatu walituambia injini iko tayari na mafuta hayako, Jumanne mafuta yalikuwako na injini iliitwa mahali pengine. Jumatano vilikutana.

Mota niliiweka ndani ya katoni ya sabuni, nimeifunga kwa blanketi, na koo lake nimeliziba kwa soksi safi. Katoni niliiweka kati ya miguu yangu. Mpaka Likasi hapakutokea kitu. Baada ya Likasi mtu aliyekuwa akinitazama aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia mota. Akaniuliza ya gari gani. Nikamwambia ya pembe. Akafikiri, akasema gari lake pia honi imekufa, kama nitaweza kumtazamia. Tulikwenda hivyo hadi Tenke, yeye akinieleza gari lake na mimi nikikosa nafasi ya kumkatiza.

Chakula cha siku hizo kilikuwa bukari baridi, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo niliyofungiwa na mke wangu. Siku ya pili sombe iligeuka, nikaila hata hivyo, na sitalieleza zaidi.

Bukama alipanda Mama Ngoie na vikapu vinne vya samaki wa kukausha kutoka maziwa ya kule. Hakutafuta kiti, aliona katoni yangu, akaikalia. Nikamwomba taratibu asikae pale. Akaniuliza kama ni mayai. Nikasema ni mota. Akasema mota haivunjiki, akaendelea kukaa. Nisimwonee: ilikuwa imebaki nafasi ya nusu unyayo katika behewa zima.

Bukama hadi Kamina

Mama Ngoie alikuwa na kisu kidogo cha kupasulia samaki, akakiweka kando yake. Kisu kikatembea. Kilikwenda polepole juu ya ubao, kikagota kwenye katoni, kikashika. Akakivuta, kikakataa, akakivuta tena. Halafu akainuka pale katonini kwa upesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa umri wake.

"Papa," aliniuliza, "wewe ni muntu wa kanisa ao wa dawa?"

Nilimweleza sumaku. Nilimweleza kwa dakika nyingi, na watu wa behewa walisaidia, na kila aliyesaidia alinizidishia lawama. Mmoja alisema amesikia dawa za namna hiyo zinavuta wanawake. Mama Ngoie akasema yeye hakuvutwa, kilichovutwa ni kisu. Nilimshukuru kwa haki hiyo.

Kesho yake treni iliinama. Tulikuwa kati ya milima, behewa la tatu likatoa gurudumu nje ya reli, tukashuka wote tukakaa majanini siku moja na nusu tukingoja mtambo wa kuliinua. Hapo ndipo Mama Ngoie alipofikiri. Wavuvi wake wanavua kwa ndoano, na ndoano nyingine zinabaki ndani ya samaki, na wateja wa Kabalo wamemlalamikia mara nyingi. Akaniomba katoni. Akapitisha samaki mmoja mmoja karibu na mota yangu, na kila aliyekuwa na ndoano aligeuka kidogo mkononi mwake kama mtu aliyeitwa jina.

Alitoa ndoano kumi na moja. Akanilipa kwa samaki, na bukari ya muhogo, na munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, wa kwenye chupa. Nilikula vizuri kuliko siku zote za safari. Lakini usiku sikulala vema, nikifikiria vumbi la chuma na mafuta ya samaki karibu na utando mwembamba kuliko karatasi. Niliichunguza soksi mara nne. Mara ya nne Mama Ngoie aliniambia mtoto mchanga hafunuliwi ovyo ovyo.

Kamina hadi Kabalo

Kamina tulikaa siku mbili bila sababu iliyotangazwa. Nilimpigia Kambale. Alisema siku ya kumaliza kilio imewekwa Jumapili, na dada yake ameambiwa treni hii hii ikifika itageuka Jumatatu kurudi, na baada ya hapo hakuna ajuaye. Mabehewa mengine yanatakiwa na askari.

"Fanya ifike," alisema. Kama vile mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha.

Kabalo, kabla ya daraja la mto, askari walipanda kupekua. Siwalaumu, vita vilikuwa upande tuliouelekea. Mkubwa wao, waliyemwita chef, mtu mpole mwenye kikohozi, alifungua katoni akakuta kitu cheusi, cha mviringo, kizito, kinanuka samaki, chenye mdomo umezibwa na soksi. Akarudi nyuma hatua mbili. Behewa likarudi naye.

"Ile ni nini?"

"Ni mota ya pembe, chef. Inaongea."

"Ifanye iongee."

Hapo nilijiona mjinga, maana mota bila pembe ni kama mtu mwenye koo asiye na mdomo. Niliifunga kwenye simu yangu, nikafungua redio ya pale mjini, ikanong'ona. Askari alisogeza sikio, akasema hicho ni mbu. Mama Ngoie, ambaye alikuwa anashuka pale Kabalo na vikapu vyake, akamgeukia jirani muuza mafuta ya mawese, akachukua faneli yake kubwa ya bati bila kumwomba, akanipa.

Niliifuta faneli kwa shati langu, nikaishika mbele ya koo la mota. Ikaongea. Ikaongea hadi nje ya behewa, na watu wakacheka. Ilikuwa saa ya habari, na mtangazaji alikuwa anasema kwamba mji mwingine wa kando ya ziwa umebaki bila watu, na kwamba waliotoka wanaelekea kusini.

Hakuna aliyecheka tena. Watu waliokuwa wakishuka walisimama, mizigo vichwani. Habari ilipokwisha ulipigwa wimbo wa tangazo la sabuni, nikaondoa faneli.

Askari alikohoa. Akaandika kwenye karatasi yake, nami niliona alichoandika: kichwa cha redio, kimoja, kizima. Akaniuliza nakipeleka wapi. Nikasema Kalemie, kwa mjane ambaye hawezi kuondoka mpaka amesikia sauti ya mumewe. Alinitazama kwa muda, nadhani akitafuta uongo.

"Basi fanya mbio," alisema. "Huko bantu banatoka, wewe unaingia."

Mama Ngoie alinipa samaki wawili wa mwisho, akaniagiza nisifunue mtoto.

Kabalo hadi Kalemie

Sehemu hii ni fupi kwenye ramani. Tuliifanya siku tatu. Daftarini nimeandika mambo matatu tu: Nyunzu kuna mihogo mizuri, mtu aliyekaa mbele yangu alikuwa anakwenda kumtafuta mkewe aliyesemekana ameteremka ziwa, naye hakujua kama ni kweli, na mimi nilikuwa nabeba kopi. Neno hilo la mwisho nimelipigia mstari. Kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyoona aibu. Watu wanabeba watoto na vyungu, na mimi nimebeba sahani ya kuku iliyokandamizwa.

Tulifika Jumamosi mchana. Gare, yaani stesheni, ilikuwa imejaa waliotaka kupanda treni ambayo ilikuwa haijashusha. Mama Kahindo alinipokea mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na tayari alikuwa amefunga mizigo yake yote isipokuwa chungu kimoja na mkeka.

"Wewe njo fundi wa Kambale," alisema. "Uko mwembamba. Nilifikiri fundi wa kitu kizito ni mutu munene."

Alinipikia ndakala, dagaa wa ziwani, kwa nyanya. Nilipokuwa nakula alinieleza bila kuulizwa. Mume wake aliimba katika kanisa lile miaka thelathini, na miaka saba ya mwisho aliimba pembe moja ikiwa imekufa, na hilo lilimuuma. Alisema ni kama kuongea na watu nusu. Aliahidi kuitengeneza. Hakuwahi. Sasa yeye mkewe hawezi kuondoka akamwacha anaongea na watu nusu.

"Nikitoka hapa sitarudi," alisema. "Hilo Kambale halijui. Wewe unalijua. Usimwambie kwanza."

Kambale, ukisoma hapa, dada yako ameniruhusu sasa.

Kanisa lililokuwa sinema

Jumapili nilipanda ngazi asubuhi mapema, nikafunga mota yangu nyuma ya pembe ya kulia. Iliingia bila kusukumwa. Nyaya mbili zilizotoka kwenye ampli, yaani mashine ya kukuza sauti, nilizifunga kama zilivyokuwa: ule mwekundu kwenye nukta nyekundu, ule mweusi kwenye kijiti cha pili. Nilipiga kofi mbele ya kipaza cha kusemea, pembe zote mbili zikajibu. Nilishuka nikiwa na raha ambayo kwa kawaida siiamini.

Mnapaswa kujua jinsi wanavyokaa. Akina mama kushoto, wanaume kulia, na katikati ni njia tupu. Siku ya kumaliza kilio, mfiwa anatandikiwa mkeka wake katika njia hiyo, mbele, chini ya madhabahu, na anakaa peke yake. Mkeka wa mfiwa haukaliwi na mtu mwingine, hata mwanawe. Kwao ni kama kuvaa viatu vya marehemu kabla havijagawanywa.

Kanisa lilijaa, na waliokimbia walijaa nje madirishani. Mzee Tambwe, aliyekuwa msaidizi wa Mwalimu katika kwaya, alitia kaseti. Sauti ya mwanamume ikaanza, peke yake, kisha kwaya nyuma yake. Nilikuwa nimesimama ukutani upande wa wanaume. Ilikuwa nzuri. Nasema hivyo ingawa ni kazi yangu. Mzee mmoja mbele yangu alifunika uso. Miaka saba upande ule haukusemewa. Ng'ambo akina mama walikuwa wakitikisa vichwa polepole.

Mama Kahindo aliinua mkono.

Tambwe akasimamisha kaseti.

"Haiko yeye," alisema Mama Kahindo.

Tambwe alimjibu kwa heshima kwamba ndiye. "Mama, njo yeye. Miye niliimba naye miaka makumi mbili."

"Wewe uko upande ya banaume. Huku haiko yeye. Kuna mutu anaongea mu mutungi."

Kaseti ilichezwa tena. Kulia wakasema ni yeye. Kushoto wakasema ni yeye. Mchungaji alisema huzuni inaweza kuziba masikio, akaomba sala, na sala ilikuwa nzuri. Baada ya sala Mama Kahindo alisema haiko yeye.

Nilijua kosa ni la nani. Nilitoka ukutani, nikasimama mbele ya watu wote, nikasema kwamba mota ya kulia si ya kweli, ni kopi, nimeitengeneza mimi Naviundu, na utando wake ni wa sahani ya kufungia kuku, na imekaa siku nyingi karibu na samaki, na kama mama hasikii sauti ya mume wake basi ni mimi niliyeileta vibaya.

Halafu mama mmoja wa kushoto akauliza, "Kuku?"

Niliomba nijaribu jambo moja. Nilipanda nikafungua waya wa pembe ya zamani, ikabaki yangu peke yake. Kaseti ikachezwa. Nilimtazama Mama Kahindo.

"Ni yeye," alisema. "Iko upande ya banaume."

Nikarudisha waya wa ile ya zamani, nikafungua wa yangu.

"Ni yeye. Iko upande ya bamama."

Nikarudisha nyaya za zote mbili.

"Haiko."

Watu walianza kunong'ona, na Tambwe alinitazama kama mtu anayetaka kunisaidia asiyejua aanzie wapi. Kila pembe peke yake ilikuwa na Mwalimu ndani. Zikiwa pamoja, kulia alikuwako, kushoto alikuwako, ila katikati hakuwako. Na katikati hapakuwa na mtu wa kushuhudia isipokuwa yeye.

Basi nilifanya jambo ambalo nimeambiwa baadaye lingeweza kunifukuzisha. Nilimwendea nikapiga magoti, nikamwomba niketi kwenye mkeka wake.

Tambwe alisema hapana. Mchungaji alimgeukia mama. Mama Kahindo alinitazama, akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa. Wewe ulikula kwangu."

Nikakaa. Kaseti ikachezwa. Na kweli hakuwako. Maneno yalikuwako, lakini sauti haikuwa na kifua. Ilitoka kila mahali na hakuna mahali, nyembamba, kama vile mtu ameshikiliwa mdomo. Alikuwa amesema kweli mara tatu, na mimi nilikuwa naungama kuku.

Pale pale nilijiona mezani kwangu, nikikata waya ulioungua kwa kisu. Wale wa zamani walisokota kuelekea upande mmoja. Mimi nilisokota kama ninavyosokota bobini za pampu, upande wa pili, kisha nikatia nukta nyekundu palipokuwa na nukta. Moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta. Aliyekaa karibu na moja hajui. Aliyekaa katikati anapokea zote mbili, na zinafutana.

Nilipanda ngazi. Nilihamisha nyaya mbili, mwekundu mahali pa mweusi. Kazi yake ni muda wa kunywa kikombe cha maji. Nilisafiri siku kumi na moja kwa ajili yake.

Kaseti ikaanza. Mimi sikuwa katikati tena, kwa hiyo nilichokisikia si kitu. Nilimtazama yeye. Aliinua uso, hakutazama kulia wala kushoto, alitazama mbele yake, pale kati ya pembe mbili palipokuwa na ukuta mtupu.

"Sasa amefika," alisema.

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita.

"Hapa anakosea," alisema.

Na Mwalimu Paluku akakosea, akaanza kabla ya kwaya, kwaya ikamkimbilia. Upande wa wanaume mtu akacheka, na upande wa akina mama wakacheka, na Mama Kahindo alikunja kitambaa chake mara mbili, akakitia kifuani. Wimbo ulipokwisha alisimama, akakunja mkeka mwenyewe.

Kurudi

Treni ya Jumatatu iliondoka Alhamisi. Alikaa gare siku zote hizo juu ya mizigo yake bila kulalamika, akinisikiliza nikimsimulia Mama Ngoie na ndoano zake, na mara moja tu upepo ulileta wimbo kutoka kanisani. Kaseti aliwaachia. Tambwe alisema watu wanaofika kwa mitumbwi wamelala humo, na pembe sasa zinatumika kuita majina ya waliopotezana. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, asiguse nyaya.

Kabalo yule askari mwenye kikohozi alipanda tena. Aliniuliza kichwa cha redio kiko wapi. Nikamwambia kimebaki kazini. Alimtazama Mama Kahindo, akagusa kofia, akapita.

Baada ya Kabalo, jua likiwa limeanza kushuka, mama alisogeza mizigo akakaa karibu nami. Halafu aliniuliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekibeba tangu Jumapili.

"Fundi. Wakati ule haiko. Alikuwa wapi?"

Nilimwambia alikuwako. Pembe moja ilikuwa inamsukuma, nyingine inamvuta, kwa nguvu sawasawa, ndiyo maana hakufika popote. Nilimwomba radhi tena kwa waya.

Tulipita vituo viwili.

"Miaka makumi tatu," alisema. "Ile njo ndoa."

Akaniomba nimpe samaki mmoja wa Mama Ngoie, akamchunguza kwanza kama hana ndoano.